Chipu zako ni nzima: katriji ya gemu nyingi kwa mashine ya pini 60

Swali: Nina mashine ya gemu ya zamani, ile ya kuiga Famicom ya Nintendo, yenye tundu la pini 60, niliachiwa na mjomba. Katriji yake ya njano iliyoandikwa 999999 ilikufa. Nikaunda ya kwangu kwenye bodi ya matundu, chipu mbili, gemu moja ya vifaru, Battle City. Vifaru vinaonekana vizuri na vinatembea, lakini matofali yote ni takataka, na sauti hakuna kabisa. Nimebadilisha chipu zote mbili, hali ni ileile. Ikipona nataka iwe na gemu nyingi. Ninunue chipu gani? Na pedi ya pili haishiki baadhi ya vitufe, inatengenezeka? Msomaji, Tanga.

Jibu:

Ndugu yangu, acha kwanza kununua chipu. Ulizonazo ni nzima, na ushahidi umeuleta mwenyewe. Vifaru vinatembea: maana yake prosesa inasoma programu kutoka chipu ya kwanza vizuri, kwa sababu usomaji ukiharibika pale kwa kawaida gemu isingetembea hivyo. Vifaru vina umbo lake sahihi: maana yake chipu ya picha nayo inasomwa na ile sehemu ya mashine inayochora, ambayo kwenye michoro utaiona imeandikwa PPU. Kilichokosekana si kumbukumbu. Kuna jozi mbili za pini hujaziunganisha, na ni rahisi kuziruka kwa sababu haziendi kwenye chipu yoyote.

Jozi ya kwanza ni pini ya 45 na ya 46. Famicom ilipotoka Japani mwaka 1983, walioibuni waliamua sauti isitoke kwenye prosesa ikaenda moja kwa moja kwenye TV. Inatoka kwa pini ya 45, inaingia kwenye katriji, inarudi kwa pini ya 46, ndipo inakwenda zake. Sababu yao ilikuwa nzuri: katriji yenye chipu yake ya muziki iweze kuchanganya sauti yake humo njiani, na kampuni kama Konami na Namco zilitumia nafasi hiyo. Katriji ya kawaida haina cha kuchanganya, kwa hiyo inaziunga hizo pini mbili kwa kipande cha waya tu. Usipoweka waya huo, mashine ni bubu. Mashine nyingine za kuiga zimeuunga waya huo ndani kwa ndani, ndiyo maana kuna watu watakuapia kwamba hauhitajiki. Ya kwako inauhitaji.

Nadhani najua ulikoangukia. Michoro mingi inayozagaa ni ya NES, toleo la Famicom la Marekani, yenye pini 72, na kwenye ile sauti haipiti kwenye katriji kabisa. Ukifuata mchoro wa pini 72 ukahamishia kwenye pini 60, waya wa sauti hutauona popote. Tafuta mchoro wa Famicom wenyewe, uufuate huo peke yake.

Jozi ya pili ni pini ya 48 na ya 49, na hapa ndipo matofali yako yalipo. PPU inachora vitu vya aina mbili. Vifaru, risasi na kila kinachotembea huchukuliwa moja kwa moja kwenye chipu ya picha. Mandhari ya nyuma, yaani matofali, maji na vichaka, huhitaji kitu cha ziada: ramani inayosema kigae gani kikae wapi. Ramani hiyo inakaa kwenye kumbukumbu ya kilobaiti 2 iliyomo ndani ya mashine, si kwenye katriji. Lakini swichi ya kuiwasha kumbukumbu hiyo imeletwa nje, pini ya 48, ili katriji ikitaka iweze kuizima na kutumia kumbukumbu yake yenyewe. Katriji ya kawaida inachukua pini ya 49, ambayo ni PA13 iliyogeuzwa (PA ni mistari ya anwani ya PPU), na kuiunga na ya 48. Basi. Ukiiacha ya 48 ikielea hewani, PPU inasoma ramani isiyokuwepo na inachora chochote. Vifaru vizuri juu ya matofali ya takataka ndiyo picha yake kamili.

Weka nyaya hizo mbili fupi, kisha angalia pini ya 18. Hii nayo haiendi kwenye chipu, na vyovyote ulivyoiunga, bora uijue kwa sababu kwenye katriji ya gemu nyingi ndiyo itakayokusumbua kuliko zote. Zile kilobaiti 2 zinatosha ramani za skrini mbili, ilhali PPU inadhani ina nafasi ya skrini nne, mbili juu na mbili chini. Kila ramani basi inajirudia mahali pawili, na katriji ndiyo inayoamua zijirudie vipi. Ukiunga pini ya 18 na ya 53, ambayo ni PA10, skrini mbili tofauti zinakaa ubavu kwa ubavu, na hivyo ndivyo anavyotaka mtu anayekimbia kwenda kulia kama kwenye Super Mario Bros. Ukiiunga na ya 54, ambayo ni PA11, zinakaa moja juu ya nyingine. Gemu haiwezi kubadilisha jambo hili yenyewe kwenye katriji sahili. Ni waya uliolehemiwa kiwandani. Ukikosea, gemu itacheza, muziki utalia, lakini mandhari yatajirudia au kukatika kila picha inaposogea.

Sasa gemu nyingi.

Gemu za mwanzo za Famicom zilikuwa na programu ya kilobaiti 16 au 32 na picha za kilobaiti 8, hazina zaidi. Prosesa inafikia katriji kwa mistari ya anwani A0 hadi A14, na hiyo ndiyo kilobaiti 32 kamili. PPU inafikia picha kwa PA0 hadi PA12, kilobaiti 8. Chipu ya leo ni kubwa mara nyingi kuliko hapo, na mistari yake ya juu ya anwani mashine haiijui kabisa. Hiyo mistari ya juu tunaishika sisi kwa swichi. Kila mkao wa swichi unaifungulia mashine kipande kimoja cha chipu, nayo inadhani hicho ndicho chote kilichopo.

Kwa gemu 16 unahitaji swichi 4. Chipu ya programu ni 16 mara 32, kilobaiti 512, na SST39SF040 inatosha barabara. Chipu ya picha ni 16 mara 8, kilobaiti 128, na hiyo ni SST39SF010. Zote ni za volti 5 na zinafutika kwa umeme (ndizo ziitwazo flashi), kwa hiyo huhitaji ile taa ya urujuani ya kufutia EPROM za zamani. Swichi ya kwanza inakwenda A15 ya chipu ya programu na A13 ya chipu ya picha kwa pamoja; ya pili A16 na A14; ya tatu A17 na A15; ya nne A18 na A16. Kila mstari uwe na rezista ya kilo-omu 10 kwenda volti 5, na swichi iuvute kwenda graundi. Usiache mstari hata mmoja ukielea. Mstari unaoelea utakupa gemu nzima leo na takataka kesho, na utatafuta kosa mahali ambapo halipo.

Mistari ya kuruhusu chipu kusema iko hivi. Chipu ya programu: mguu wa CE, wa kuiwasha chipu, uende pini ya 44, ROMSEL, yaani ishara ya prosesa ya kuichagua katriji, na OE, wa kuiruhusu itoe data, unaweza kwenda hapohapo. Chipu ya picha: CE iende PA13, pini ya 56, na OE iende pini ya 17. Mguu wa WE, wa kuandikia, kwenye zote mbili uungwe na volti 5 moja kwa moja. Kapasita ya nanofaradi 100 kati ya umeme na graundi, karibu kabisa na kila chipu, tafadhali usiiruke. Chipu ya flashi ni ya kasi kuliko za zamani, na kwenye bodi ya matundu yenye nyaya ndefu kelele za umeme ni nyingi.

Kuna jambo dogo hapa linalonipendeza sana katika kazi hii yote. Gemu zako 16 hazitakubaliana kuhusu pini ya 18: nyingine zinataka PA10, nyingine PA11. Watu wengi huweka swichi ya tano, halafu mtoto anacheza na picha mbovu kwa sababu hajui kwamba ipo. Zipange gemu kabla ya kuandika chipu: zote za PA11 ziingie nafasi ya 0 hadi 7, zote za PA10 nafasi ya 8 hadi 15. Kwa swichi ya nne nunua ile ya kubadilisha njia mbili kwa mpigo, yenye miguu sita. Upande mmoja unashika A18 kama kawaida. Upande wa pili, mguu wake wa kati uende pini ya 18, na miguu ya pembeni iende 53 na 54. Ukiisogeza swichi kwenda nusu ya juu, waya wa ramani unahama pamoja nayo. Hakuna wa kukumbuka chochote. Multimita ithibitishe mkao kabla ya kulehemu, maana ukisogeza swichi hizi kushoto, mguu wa kati huungana na wa kulia au wa kushoto, kutegemea aina.

Kuhusu kupata chipu. Rezista, kapasita, soketi na swichi utazikuta Kariakoo, na ukiwa upande wa Nairobi, Luthuli Avenue. Chipu za flashi huenda ukalazimika kuagiza. Lakini kabla ya kuagiza, pita kwa fundi kompyuta mwenye rundo la bodi mbovu za miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya 2000. Chipu ya BIOS (programu ya kuwashia kompyuta) kwenye bodi hizo, ile ya mraba-mraba yenye miguu 32 iliyokaa kwenye soketi, mara nyingi ni flashi ya volti 5 ya aina hiihii: SST39SF020, W29C020, Am29F002. Hizi ni za kilobaiti 256, zinatosha programu za gemu 8, na kwa mwanzo gemu 8 si haba. Uking'oa, ing'oe pamoja na soketi yake. Zikiandikwa 49LF usichukue: hizo ni za volti 3.3 na zinaongea kwa njia nyingine kabisa, zitaharibika bure.

Kifaa cha kuandikia, TL866 au T48 vinatosha na vinazitambua chipu hizi. Kama unaye rafiki mwenye nacho, mpelekee faili. Hakuna haja ya kila mtu kununua chake.

Faili zenyewe zinahitaji mkono mwangalifu. Gemu iliyonakiliwa huwa na baiti 16 mwanzoni ambazo si gemu, ni maelezo. Nne za kwanza ni herufi N, E, S na namba 1A ya heksadesimali. Inayofuata inasema kuna vipande vingapi vya programu vya kilobaiti 16, inayofuata vipande vingapi vya picha vya kilobaiti 8, na inayofuata hiyo, biti yake ya chini kabisa, inakuambia kuhusu pini ya 18: ikiwa 1 ni PA10, ikiwa 0 ni PA11. Hizo 16 zikate. Kinachobaki, programu inatangulia, picha zinafuata, zitenganishe. Programu ikiwa ya kilobaiti 16 tu, iandike mara mbili mfululizo ili ijaze nafasi ya 32, la sivyo prosesa ikiwaka itatafuta anwani ya kuanzia mahali patupu. Battle City ni ya namna hiyo. Kisha ziunganishe zote kwa mpangilio, kwenye Linux kwa amri ya cat, kwenye Windows kwa copy /b. Pima ukubwa mwishoni: faili ya programu lazima iwe baiti 524,288 na ya picha 131,072, si moja zaidi wala moja pungufu. Ikiwa imezidi kwa 16 au 32, unajua umesahau kukata wapi.

Njia ya mkato ya kujua kama gemu itaingia: faili kamili iwe baiti 24,592 au 40,976. Gemu kubwa zaidi ya hapo haitaingia, hata kama chipu ina nafasi. Contra ile ya Marekani ina programu ya kilobaiti 128, na Super Mario Bros. 3 ni kubwa zaidi; hizo zilikuja na chipu za ziada ndani ya katriji zinazobadilisha vipande vya kumbukumbu gemu ikiwa inaendelea. Contra inawezekana nyumbani kwa chipu ndogo za mantiki 74HC161 na 74HC32, na kilobaiti 8 za RAM badala ya chipu ya picha, lakini ijengee katriji yake peke yake. Usijaribu kuichanganya na hizi.

Utaniuliza mbona katriji ya njano ilikuwa na menyu na haikuwa na swichi. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu ndogo ya kushikilia namba ya gemu, na menyu iliandika namba hiyo kabla ya kuruka kwenda kwenye gemu. Zile 999999 nazo zilikuwa gemu chache zilizorudiwa kwa majina tofauti, au gemu ileile ikianzia hatua ya mbele. Menyu ni nzuri, lakini inahitaji uandike programu yake mwenyewe, na inahitaji kufuli: zipo gemu ambazo hujaribu kuandika kwenye eneo la katriji bila kukusudia, na bila kufuli zitakurusha kwenye gemu nyingine katikati ya mchezo. Kwa katriji ya kwanza, swichi. Zima mashine kabla ya kuzigeuza. Ukigeuza ikiwa inawaka, prosesa inaamkia katikati ya programu ngeni na kukwama.

Kuhusu bodi: ile ya matundu ilikufaa kwa majaribio, lakini meno ya kuingilia kwenye tundu ndiyo roho ya katriji. Unene wake uwe milimita 1.2. Bodi za kawaida ni za milimita 1.6, na ukizilazimisha zinapanua vijiti vya tundu, kisha katriji halisi zinaanza kucheza kwa kubahatisha. Meno yamepangana kwa milimita 2.54. Ningekushauri utumie bodi ya katriji ya njano iliyokufa. Lakini kwanza hakikisha imekufa kweli: sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, pangusa kwa spiriti isiyo na maji, ikauke, ijaribu tena. Nyingi zinazoitwa zimekufa ni uchafu tu. Ikikataa, lile tone jeusi la gundi lililofunika chipu likate njia zake zote kwa kisu chembamba, au uliondoe kabisa. Likibaki limeungwa, litapigana na chipu yako kwenye mistari ya data, na hutapata chochote.

Gemu za kuweka: hizi bado zina wenyewe, hata kama zimepita miaka arobaini. Nakili za katriji zako mwenyewe, za kuchezea nyumbani, sina la kusema. Kuzijaza kwenye chipu na kuziuza mtaani ni kuchukua kazi ya watu, na mimi simsaidii mtu kwa hilo. Habari njema ni kwamba wapo watu wanaotengeneza gemu mpya za mashine hii hadi leo na wengine wanazitoa bure, nyingi za ukubwa uleule wa 40,976. Ukijua kidogo kuandika programu, cc65, zana ya kuandikia programu za prosesa hii kwa lugha ya C, ni bure, na hakuna furaha kama kuiona gemu yako mwenyewe kwenye TV ya chogo.

Pedi. Ndiyo, inatengenezeka, na ni kazi ndogo kuliko ulizokwishafanya. Ndani ya pedi ya Famicom mna chipu moja, 4021. Mashine inatuma ishara ya kushika hali ya vitufe vyote vinane kwa pamoja, kisha inavisoma kimoja kimoja kwa waya mmoja kwa mpangilio huu: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Kwa kuwa baadhi ya vitufe vinashika, nyaya na chipu vinafanya kazi. Tatizo liko kwenye mpira au kwenye kaboni. Fungua, pangusa bodi kwa spiriti, pangusa vile vidonge vyeusi vya mpira kwa kitambaa kikavu bila kusugua sana. Kidonge kilichokwisha kaboni, kata kipande kidogo kwenye mpira wa rimoti mbovu ya TV ukigundishe hapo.

Pedi ikiwa na tone la gundi badala ya chipu yenye miguu, na tone limekufa, jenga upya kwa CD4021 ya kawaida. Kitufe cha A kinakwenda mguu wa 1, B wa 15, Select wa 14, Start wa 13, juu wa 4, chini wa 5, kushoto wa 6, kulia wa 7. Kila kitufe kivute graundi kikibonyezwa, na kila mguu uwe na rezista yake kwenda volti 5. Ishara ya kushika ni mguu wa 9, saa ni wa 10, data inatoka mguu wa 3, umeme ni wa 16 na graundi wa 8.

Nyaya za pedi zifuate kwa multimita, si kwa rangi. Mashine za kuiga zenye plagi ya matundu 9 hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe, na plagi hiyo inafanana na ya Sega Mega Drive kiasi kwamba inaingia bila kulazimisha. Usiichomeke pedi ya Sega humo hata kwa kujaribu: nyaya zake zimepangwa tofauti. Anza na graundi na volti 5 kwenye tundu la mashine ikiwa inawaka, weka alama, zima, halafu fuata tatu zilizobaki kutoka kwenye pedi ile nzima uliyonayo. Hiyo pedi nzima ndiyo mchoro wako. Usiifungue na kuichokonoa hadi umemaliza kunakili.